Kampuni Haiji Keroka

Kamati ya ununuzi inapokaa kuzungumzia seva, iwe ya hospitali, ya shule ya bweni au ya sacco, swali la kwanza huwa ni lile lile: nyuma ya mfumo huu kuna kampuni gani? Ukijibu kwamba hakuna, wajumbe wanatazamana. Mkaguzi wa hesabu anakohoa. Kisha mmoja, na mara nyingi ndiye asiyewahi kuingia kwenye chumba cha seva, anaufunga mjadala: "Mwenyekiti, cha wote hakina mwenyewe. Tutafute kilicho na mwenyewe."

Hoja hiyo imezoeleka Kisii na Nyamira hata vijana wetu wa IT wameimeza. Hawabishani tena kuhusu Windows na Linux; kwa wengi wao hilo lilikwisha siku walipochoka kutafuta leseni za wizi kila seva inapofutwa na kusakinishwa upya. Sasa wanabishana ni Linux ipi, na mizani yao ni ukubwa wa kampuni inayoimiliki. Red Hat ina IBM, basi ni imara. Ubuntu ina Canonical, basi inatosha. Debian je? Hiyo ni ya watu wa kujitolea, ya kuchezea kwenye laptopu nyumbani, isije ikashika rekodi za wagonjwa au akiba za walimu.

Nasema wamekosea. Seva inayofanya kazi ya kweli katika kaunti zetu hizi mbili haipati dhamana kwa kampuni. Inaipata kwenye sheria zilizo wazi zinazoeleza mfumo utatunzwa hadi lini na ni nani mwenye uwezo wa kugeuza ahadi hiyo, na kwa mtu anayeweza kufika ilipo kabla ya jioni akijua la kufanya. Naanza na sheria, kwa sababu huko ushahidi umejaa.

Itazame CentOS. Kwa miaka mingi tovuti nyingi za shule, makanisa na biashara zilikaa juu yake bila wenyewe kujua, maana cPanel, programu inayotegemewa na wakodishaji wa nafasi za tovuti, ilikuwa ikiitaka hiyo au ndugu zake. Ilikuwa Red Hat Enterprise Linux yenyewe, imebanduliwa nembo na kutolewa bure. Mwaka 2014 Red Hat ikaichukua mikononi mwake, na wapenzi wa hoja ya kampuni wakashangilia kwamba yatima amepata baba. Toleo la 8 likatoka Septemba 2019, miezi miwili tu baada ya IBM kukamilisha kuinunua Red Hat kwa dola bilioni 34. Watu waliambiwa toleo hilo lingetunzwa hadi 2029. Tarehe 8 Desemba 2020 likaja tangazo jingine: CentOS 8 itakoma mwishoni mwa 2021. Zaidi ya miaka saba ikafutwa kwa waraka mmoja.

Kichekesho chake ni hiki. Toleo la 7, lililo kuukuu zaidi, liliachwa liendelee hadi tarehe 30 Juni 2024. Kwa hiyo mtu wa IT aliyekuwa makini, aliyehamia toleo jipya mapema kama vitabu vinavyomfundisha, ndiye aliyeadhibiwa. Mvivu aliyebaki na toleo la 7 akapewa miaka miwili na nusu ya ziada. Waliokimbia walipokewa na Rocky Linux, iliyoanzishwa na Gregory Kurtzer, mmoja wa waasisi wa CentOS yenyewe, na AlmaLinux, iliyotoka Machi 2021. Hawajakaa vizuri, Juni 2023 Red Hat ikafunga mlango wa hadhara uliokuwa ukitoa msimbo wa mfumo wake, ikaubakiza kwa wateja wake. Warithi wakaanza tena kutafuta njia.

Sisemi Red Hat ilivunja sheria. Kampuni iliangalia vitabu vyake vya hesabu ikaamua, na ina haki hiyo. Ninachouliza ni kwa nini haki hiyo ya mtu mwingine ya kubadili nia tumeipa jina la dhamana. VMware, programu ya kugawa mashine moja iwe seva nyingi, nayo ilikuwa na kampuni kubwa nyuma yake, hadi Novemba 2023 iliponunuliwa na kampuni kubwa zaidi, Broadcom. Mwezi uliofuata uuzaji wa leseni za kudumu ukakomeshwa, na walioijenga ofisi nzima juu yake wakaanza kupiga hesabu za kulipia kila mwaka. Baadhi ya waliohama duniani walikwenda kwa mshindani wake, Proxmox, na ukiifungua Proxmox chini yake unaikuta Debian. Ile ya kuchezea nyumbani.

Kuna suala la shilingi pia. Bei iliyotangazwa kwa miaka mingi ya Red Hat kwa seva moja, yenye huduma ya saa za kazi, ilikuwa dola 799 kwa mwaka. Mwaka 2018, dola ikiwa karibu shilingi 101, hiyo ilikuwa takriban shilingi 80,000. Mwanzoni mwa 2024, dola ilipogusa 160, seva ile ile ikadai karibu 128,000. Bajeti ya kaunti au ya shule hupitishwa kwa shilingi. Hakuna bodi niijuayo inayoongeza karo kwa sababu dola imepanda, na leseni isipolipwa masasisho ya usalama yanakatika siku hiyo hiyo. Mtu ataniambia kwamba tangu 2021 Red Hat hutoa mashine hadi 16 bila malipo. Kweli, lakini ule ni usajili wa mtu binafsi, unaohuishwa kila mwaka kwa akaunti ya mtu huyo. Kijana wako akipata kazi Nairobi, anaondoka na akaunti. Tumeona akaunti za mitandao ya kijamii za ofisi zikipotea hivyo. Sasa tunataka kupoteza na seva?

"Lakini kampuni unaweza kuishtaki." Hii huisikia hasa kwa mawakili na wakaguzi, watu ambao ningetarajia wasome mikataba. Basi waisome. Masharti ya leseni ya Windows Server yanasema utakachoweza kudai ni hasara ya moja kwa moja isiyozidi kiasi ulichoilipia programu. Rekodi za wagonjwa wa miaka sita zikipotea, fidia yako ya juu kabisa ni bei ya leseni, na ili uipate umwajiri wakili. Nani Kisii amewahi kwenda mahakamani na kampuni ya programu ya Marekani akarudi na hundi? Hoja ya mashtaka inamfariji mjumbe wa kamati ili akitoka mkutanini awe na mtu wa kumlaumu. Seva haipati chochote kwayo.

Msemo wenyewe, kwamba cha wote hakina mwenyewe, hunishangaza zaidi ukitoka kinywani mwa mtu wa Nyamira. Viwanda vya majani chai vya Kebirigo, Nyankoba, Sanganyi, Tombe, Gianchore na Nyansiongo ni vya nani? Ni vya wakulima wadogo wenye hisa, wenye robo ekari na nusu ekari, wanaochagua wakurugenzi wao wenyewe. Wanagombana, tena sana; bonasi ikitoka ndogo, mkutano mkuu hauna amani. Lakini sijamsikia mkulima akisema kiwanda hakina mwenyewe eti kwa sababu hakina tajiri mmoja.

Debian inakwenda kwa mwendo huo. Ian Murdock aliianzisha tarehe 16 Agosti 1993. Tangu 1998 ina katiba. Wanachama wake wenye haki ya kupiga kura, wapatao elfu moja, humchagua kiongozi kila mwaka, na mambo mazito hupigiwa kura. Mwaka 2022, kwa mfano, walipiga kura kuamua kama kisakinishi chao kibebe programu tegemezi za vifaa ambazo si huria, zile za kadi za mtandao na kadhalika. Wakakubali, na ndiyo maana Debian 12 ya Juni 2023 inaingia kwenye seva nyingi bila kusumbua. Toleo jipya thabiti hutoka takriban kila miaka miwili: la 12 mwaka 2023, la 13 Agosti 2025. Kila toleo hutunzwa na timu ya usalama kwa miaka mitatu, kisha miwili ya nyongeza inayogharimiwa na michango ya kampuni nyingi kwa pamoja. Ndiyo, kampuni zimo. Ila moja ikiondoka, nyingine zipo, na hakuna inayoweza kuinunua Debian kwa sababu hakuna anayeweza kuiuza.

Nisije nikaonekana nauza dawa ya mchanganyiko sokoni Daraja Mbili, niseme na aibu zake. Mwaka 2006 mtunzaji mmoja wa Debian aliondoa mstari katika OpenSSL akidhani hauna kazi. Kumbe ndio uliokuwa ukileta ubahatishaji unaohitajika kutengenezea funguo za siri. Kwa karibu miaka miwili, hadi Mei 2008, funguo zilizotengenezwa kwa Debian na Ubuntu zilikuwa chache kiasi cha kuweza kukisiwa zote. Kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo palikuwa na 32,768 tu. Hilo lilikuwa kosa la wenye kujitolea, na lilikuwa kubwa. Halafu Machi 2024 ikajulikana kwamba mtu aliyejiita Jia Tan, baada ya kujipendekeza kwa zaidi ya miaka miwili kwa mtunzaji aliyechoka wa programu ndogo iitwayo xz, alikuwa amepachika mlango wa siri ulioelekea kwenye SSH, njia kuu ya kuingilia seva za Linux. Watu wa hoja ya kampuni wakaruka: mnaona?

Tuone, lakini tuone yote. Aliyeugundua mlango huo ni Andres Freund, mhandisi aliyekuwa akipima hifadhidata ya PostgreSQL kwenye Debian ya majaribio, akashangaa kwa nini kuingia kwa SSH kunachelewa nusu sekunde. Aliweza kufuatilia kwa sababu msimbo wote ulikuwa wazi mbele yake. Toleo thabiti la Debian, lile ninalolitetea, halikuguswa, na sababu yake ni ule ule ukongwe wanaoudharau: haliingizi toleo jipya la programu mpaka likae kwanza kwenye majaribio miezi mingi. Upweke wa mtunzaji wa xz ni tatizo la kweli na sina jibu lake jepesi. Ila mfumo wa Red Hat nao una xz ndani yake. Mlango ule tayari ulikuwa umefika Fedora, uwanja wa majaribio wa Red Hat hiyo hiyo. Ukubwa wa kampuni haukuugundua.

Sasa tuje nyumbani, maana mabishano mengi kuhusu mifumo huandikwa na watu ambao stima yao haipotei.

Nyanda zetu hizi ni miongoni mwa sehemu za Kenya zinazopigwa sana na radi. Mchana wa Aprili mawingu yanajikusanya juu ya milima ya Manga, saa tisa au kumi ngurumo zinaanza, stima inapotea, inarudi, inapotea tena. Seva yenyewe, usidanganywe na neno hilo, mara nyingi ni kasha moja chini ya meza ya karani wa masjala, limekingwa vumbi kwa kitambaa. UPS inalia dakika nne kisha inanyamaza, betri yake ilishakufa. Stima ikitulia, karani anabonyeza kitufe. Siku ya kawaida maandishi yanapita kwenye skrini, mmoja wa mistari ukisema "recovering journal", na mfumo unasimama wenyewe. Diski ya Linux yenye daftari la matukio inajua ilikuwa ikiandika nini giza lilipoingia. Siku mbaya inasimama kwenye skrini nyeusi: "You are in emergency mode", na chini yake inaomba nenosiri la mkuu wa mfumo.

Hapo ndipo nataka mjumbe wa kamati awepo. Kampuni iko wapi? Iko kwenye tovuti inayotaka namba ya usajili, na intaneti ya ofisi imezimika pamoja na stima. Anayehitajika ni kijana aliyeko Keroka, mji uliokaa juu ya mpaka wa kaunti zetu mbili, apande boda na diski mwako mfukoni, aingie, aendeshe fsck kwenye kizigeu kilichoharibika, atazame faili la fstab kama kuna diski ya nje iliyoandikwa humo na sasa haipo (na mara nyingi kosa ni hilo tu), awashe upya, aende zake. Kazi ya nusu saa kwa anayejua. Kwa asiyejua, ni siku tatu za wagonjwa kuandikwa kwenye daftari.

Kwa hiyo swali la kuuliza kabla ya kuchagua mfumo ni hili: ni nani anayeufahamu, katika umbali wa nauli ya boda? Vijana wanaotoka Chuo Kikuu cha Kisii na Kisii National Polytechnic, wale wanaocheza na Linux kwa hiari yao, wengi huanzia Ubuntu kwa sababu ndiyo inayoingia kwenye laptopu bila vita. Ubuntu ilizaliwa 2004 kutoka tumbo la Debian. Amri za apt ni zile zile, mafaili yanakaa mahali pale pale. Anayejua moja yuko nyumbani kwenye nyingine. Huo ni utajiri uliokwishapatikana bure, na kamati inayochagua mfumo wa jamii nyingine kwa ajili ya nembo inautupa.

Kwa hoja hiyo hiyo naiweka kando FreeBSD, nami naipenda. Ni mfumo mtulivu, maelezo yake yameandikwa vizuri kuliko ya Linux yoyote, una ZFS inayolinda data dhidi ya diski inayooza kimya kimya. Netflix husambaza filamu zake kwa mashine zinazoutumia, na WhatsApp ilikulia juu yake. Ila niletee watu wawili wa kuushughulikia, mmoja akiwa Kisii na mwingine Nyamira, kabla hujaniomba niweke humo mishahara.

Wawili, nasisitiza. Mtu mmoja si mpango. Ataugua, ataolewa Mombasa, atapata kazi kwenye shirika.

Kuna mambo mengine mawili ambayo wauzaji wa hoja ya kampuni hawayagusi kabisa, maana yanawahusu maskini. La kwanza ni bando. Toleo thabiti la Debian halibadilishi programu kila wiki. Linapeleka marekebisho ya usalama kwenye toleo lile lile, kwa hiyo mwezi mzima unaweza kupita kwa megabaiti chache. Ukiwa na mashine tano, unaweka apt-cacher-ng kwenye moja, inapakua mara moja na nyingine nne zinachota kwake bila kutoka nje. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na Seacom zilipokatika baharini na intaneti ya Afrika Mashariki ikaanza kutambaa, aliyekuwa na hifadhi yake ya ndani hakutetereka.

La pili ni mashine zenyewe. Ofisi zetu nyingi hazinunui seva mpya. Zinanunua zilizotumika Ulaya, zikapitia Nairobi, zikapanda Kisii zikiwa na miaka kumi au zaidi: Dell PowerEdge R720, HP ProLiant DL380p Gen8 na wenzao. Ni mashine nzuri, zina kumbukumbu ya kutosha na zitadumu. Lakini Red Hat Enterprise Linux 10, iliyotoka Mei 2025, inadai prosesa za kizazi cha Haswell kuja juu, na hizo nilizozitaja hazina. Haiwaki. Huko nyuma, toleo la 8 lilikuwa limeshaondoa madereva ya vidhibiti vingi vya diski vya zamani, na mtu alikuwa akifika katikati ya usakinishaji anaambiwa mashine haina diski wakati taa za diski zinammulika usoni. AlmaLinux, kwa sifa yao, wametoa toleo la 10 la pembeni kwa ajili ya prosesa hizo kuukuu. Debian 13 inaingia kwenye R720 bila kuuliza umri. Kampuni inayouza leseni kwa wenye mashine mpya haina sababu ya kutukumbuka sisi wa mashine za mtumba, na wala siilaumu. Tunaotakiwa kujikumbuka ni sisi.

Je, kuna mahali ambapo Debian si jibu? Papo, na mtu mkweli hupataja. Sacco nyingi nchini zinaendesha hesabu zao kwa Navision, nayo inataka Windows Server na SQL Server. Hapo mjadala wa mfumo huria haujaanza. Anza na programu ya hesabu kwanza, na hilo ni makala mengine marefu. Programu nyingine ya biashara huja na cheti kinachosema itahudumiwa ikiwa juu ya Red Hat tu. Kama huna budi kuinunua, nunua na Red Hat yake, usijifanye mjanja ukaikalisha juu ya kitu kingine kisha muuzaji akakugeuzia mgongo.

Tena kuna Ubuntu LTS, yaani matoleo ya Ubuntu yanayotunzwa kwa muda mrefu. KenyaEMR, programu ya rekodi inayotumika kwenye vituo vya tiba ya virusi vya UKIMWI kote nchini, hujengwa na kupimwa juu ya Ubuntu. DHIS2, ya Chuo Kikuu cha Oslo, ambamo tangu 2011 Kenya hukusanya ripoti za afya za kila mwezi, mwongozo wake wa usakinishaji nao umeandikwa kwa Ubuntu. Mwenye kuendesha hizo atumie Ubuntu, asilete ushujaa. Nasema hivyo kwa sababu walioandika programu ndiko waliko; jina la Canonical halimo kwenye hesabu yangu. Ajue tu kwamba miaka mitano ya masasisho inayotajwa kwa kila LTS inahusu hazina kuu ya vifurushi. Maelfu ya vifurushi vya hazina ya pili, ile ya universe, vinapata uhakika kamili wa usalama ukijiunga na Ubuntu Pro, iliyo bure kwa mashine tano za mtu binafsi. Hapo tena tumerudi kwenye akaunti ya mtu.

KenyaEMR yenyewe ina fundisho jingine, na ndilo linalonikasirisha zaidi ninaposikia swali la kampuni. Imesimama juu ya OpenMRS, ambayo ilianza kutumika Eldoret mwaka 2006 katika mradi wa AMPATH wa Chuo Kikuu cha Moi na washirika wake. KenyaEMR ikafuata 2012. Wakati huo huo vituo vingine nchini vilikuwa na IQCare, iliyojengwa kwa zana za Microsoft. Baadaye vituo hivyo vikahamishiwa KenyaEMR. Zote mbili zililipiwa kwa fedha za Marekani. Kama kulikuwa na mfadhili mkubwa nyuma ya programu yoyote katika kaunti zetu, ni huyu: hazina ya taifa tajiri kuliko yote duniani.

Januari 2025 hazina hiyo ilifungwa kwa amri ya rais wa Marekani, misaada ya nje ikasimamishwa, na nchini kote watumishi wa miradi ya UKIMWI, pamoja na makarani wa data na watu wa IT, wakaambiwa wakae nyumbani. Kampuni haikuja Keroka, na sasa hata mfadhili hakuja. Kilichobaki? Msimbo wa OpenMRS ulibaki hadharani. Leseni yake haikuwa na tarehe ya kuisha. Ubuntu iliyo chini yake haikumwuliza mtu kama mradi umelipa. Kituo kilichokuwa na mtu wake mwenyewe mwenye kujua kuchukua nakala rudufu na kuirejesha kwenye mashine nyingine kilikuwa na la kufanya Jumatatu asubuhi. Kisichokuwa naye kilikuwa na seva inayowaka na nenosiri lililoondoka na mtumishi wa mradi.

Kwa hiyo wakuu wa TEHAMA wa kaunti zote mbili, bodi za shule na wenyeviti wa sacco, nawaomba mfanye jambo moja katika zabuni ijayo. Futeni kile kifungu kinachodai mfumo uwe na kampuni inayoumiliki. Mahali pake andikeni tarehe ambayo masasisho ya usalama ya toleo lililopendekezwa yatakoma, na majina ya watu wawili wanaoishi Kisii au Nyamira walioonyesha, mbele ya kamati, kwamba wanaweza kuchukua nakala rudufu ya jana na kuiwasha kwenye mashine tupu. Mzabuni asiyeweza kujaza nafasi hizo mbili, hata aje na nembo ya ukubwa gani, arudishiwe bahasha yake.